Aliyefyatua Elfu Tatu na Mia Nne

Keti kidogo. Kama una haraka, nenda kwanza urudi, maana hadithi hii haina miguu ya kukukimbia.

Palikuwa na nchi moja, wala si zamani sana. Kalenda za mwaka huo bado zinaning'inia kwenye kuta za watu. Jina lake hatulitaji, kwa sababu serikali yake ilikuwa imelisajili na kulitamka kulihitaji kibali. Ilikuwa nchi ya amani. Amani yake ilikuwa nyingi hata ikajengewa sanamu katikati ya mji mkuu, mwanamke wa shaba aliyeshika njiwa. Sanamu hiyo iliibwa mara mbili. Mara ya kwanza alichukuliwa njiwa, mara ya pili ukachukuliwa mkono. Basi serikali, kwa hekima yake, ikawaita askari wote wa nchi nzima waje kuilinda. Wakaizunguka kwa mistari sita, bega kwa bega, na tangu siku hiyo Amani haikuguswa tena.

Huku kwingine, walikotoka wale askari, wezi waliongezeka kidogo. Waziri wa Amani na Baruti akahutubia redioni kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmekuwa mkilalamika kwamba askari wanachelewa kufika. Serikali yenu ni sikivu. Kuanzia leo hawatachelewa tena, kwa sababu hawatakuja."

Badala yake kila nyumba ingejilinda yenyewe. Kila nyumba iwe na shotigani moja, yaani ile bunduki ya marisau inayotema vipande vingi kwa mlio mmoja, kabla ya Siku ya Utulivu. Nyumba itakayokutwa haina, itaitwa nyumba iliyo wazi, na atapewa mtu mwenye uwezo wa kuitetea.

Bi Sikudhani aliisikia hotuba hiyo akiwa anachambua mchele. Alikuwa na miaka sitini na tisa, magoti mawili mabaya na nyumba moja nzuri, ya matofali ya kuchoma, iliyotazamana na barabara ya lami. Lami yenyewe ilikuja juzi tu. Nyumba ilikuwapo tangu enzi za njia ya ng'ombe. Aliijenga yeye na marehemu mume wake, Mzee Lugendo, na chumba cha kushoto ndimo marehemu alimofia, akiwa ameshikwa mkono.

Rafiki yake, Bi Mwasiti wa nyumba ya pili, alishaonja sheria hiyo mapema, maana mtaa wao ulichaguliwa kuwa wa mfano. Alipimwa mikono ikaonekana mifupi kuliko bunduki. Nyumba yake ikatangazwa kuwa wazi, akapewa shemeji wa Waziri, ambaye mikono yake ilikuwa mirefu sana. Siku hiyo Bi Mwasiti alibeba godoro lake kichwani, akasimama mlangoni kwa Bi Sikudhani, akasema, "Hodi." Akajibiwa, "Karibu."  Bi Sikudhani alisogeza kitanda upande mmoja, na godoro likaenea.

Jambo moja lilimshangaza Bi Sikudhani. Nyumba zote zilizoonekana ziko wazi zilikuwa kando ya lami. Za kule mabondeni, zisizo hata na milango, zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa kwa mujibu wa sheria. Aliona ni ajabu ya Mungu, akaenda kupanga foleni.

Foleni ile ilikuwa ya kuomba kibali cha kuchagua. Si cha kununua, wala cha kumiliki. Hivyo vilikuwa na foleni zao. Ilianza kwenye ofisi ya kata, ikazunguka zahanati na kuishia kwenye choo cha shule. Watu hawakuwa wakinung'unika. Katika nchi ile kunung'unika kulikuwa na fomu yake, na fomu zilikwisha tangu mwaka juzi.

Aliyesimamia foleni alikuwa mgambo mmoja mtu mzima, jina lake Masumbuko, mwenye viatu visivyofanana. Waraka ulikuwa umepiga marufuku shikamoo saa za kazi, kwamba zinapunguza kasi ya maendeleo. Lakini Masumbuko alipofika kwa Bi Sikudhani aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, akanong'ona, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona, unaumwa koo?"

"Naumwa waraka, mama. Kaa hapo kivulini, mimi nitakuwa wewe mpaka zamu yako ifike."

Akasimama mahali pake saa tatu nzima, akisogea hatua moja moja kwa niaba yake. Bi Sikudhani alisema baadaye kwamba kama serikali yote ingekuwa na viatu visivyofanana, nchi ingekwenda vizuri.

Ndani alimkuta Afisa Kujihami wa Kata, Bwana Tindwa, kijana wa miaka arobaini aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kusoma nyaraka. Mbele yake palikuwa na Fomu Namba Tisa.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina, baba. Mama yangu hakudhani kama atanipata."

Bwana Tindwa akaandika. "Mali inayolindwa?"

Bi Sikudhani akafikiri. "Kuku watano. Redio, lakini inashika stesheni ya hotuba tu. Picha ya marehemu. Na Mwasiti."

"Mwasiti ni mali?"

"Kwangu, ndiyo."

"Uzoefu. Umewahi kufyatua?"

Sasa hapa ndipo pa kutega sikio. Bi Sikudhani, ambaye katika maisha yake hakuwahi kushika bunduki, alitazama mikono yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ah, kufyatua! Nimefyatua sana."

Kalamu ya Bwana Tindwa ikasimama. "Mara ngapi?"

"Elfu tatu na mia nne. Kiangazi kimoja, mimi na marehemu."

"Elfu tatu..." Akavua miwani. "Mlifyatulia wapi?"

"Bondeni, kando ya mto. Tulikuwa tunaanza alfajiri kabla jua halijawa kali. Marehemu alikuwa hodari, lakini mimi nilimshinda. Wake walikuwa wakipasuka. Wa kwangu, nikishafyatua, anabaki amelala pale pale mpaka anakauka."

Katika kijiji cha Bi Sikudhani tofali liliitwa huyu, kama mtu, kwa heshima ya kazi liliyompa binadamu. Bwana Tindwa hakulijua hilo. Alikulia mjini, kwenye nyumba ya mabati.

"Na mliwafanya nini baadaye?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Tukawapanga, tukawachoma."

Bwana Tindwa aliandika kwa muda mrefu, akasimama kitini ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Juu ya fomu aligonga muhuri mwekundu: MFYATUAJI MKONGWE. KUWA MWANGALIFU. Halafu akamfungulia mlango yeye mwenyewe, jambo ambalo Bi Sikudhani alilihesabu miongoni mwa wema wa siku ile.

Duka la Ulinzi wa Kaya lilikuwa moja tu kwa wilaya nzima, katika jengo lililokuwa maktaba. Muuzaji wake, Mzee Ngwembe, ndiye aliyekuwa mkutubi. Vitabu viliondolewa, yeye akasahauliwa. Alimtolea Bi Sikudhani kiti chake, akammiminia chai kutoka kwenye chupa aliyopewa na mkewe, kikombe kimoja, wakanywa kwa zamu.

"Kuna aina tatu, mama," alisema. "Hii ya kwanza ina mitutu miwili. Imetoka ng'ambo. Inapiga vizuri mbele, lakini inapiga teke nyuma. Mwenyekiti wa mtaa wa pili aliijaribu. Mwizi alikimbia na mwenyekiti akavunjika bega."

Bi Sikudhani akainyanyua. Ilikuwa nzito kuliko mchi wa mninga. Akairudisha taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa jirani.

"Ya pili ni ya kukokota. Unavuta hivi, unasukuma hivi. Ukisahau kuvuta, haisukumiki. Ukisahau kusukuma, haivutiki. Kitabu chake cha maelezo kimeandikwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Nimekitafuta hata kwenye kamusi zangu za zamani, zile nilizoficha."

"Na mwizi atasubiri?"

"Sheria inamtaka asubiri."

"Ya tatu?"

Mzee Ngwembe akakohoa. Akaitoa kabatini bunduki fupi, nyepesi, yenye kitako cha mti wa mwembe na mtutu wa rangi ya kijivu. "Hii ndiyo Fahari ya Taifa. Imetengenezwa hapa hapa kwetu. Usiiguse sana."

Bi Sikudhani akaigusa. Alipitisha kidole kwenye mtutu, akakuta herufi zimechongwa: MRADI WA MAJI, BOMBA LA 17.  Kati ya mabomba arobaini ya mradi ule, la kumi na saba lilikuwa la mtaani kwake, pale kwenye mkunazi. Lilikauka ghafla siku moja na wananchi wakaambiwa ni tabianchi. Tangu hapo yeye na Mwasiti walichota maji mtoni, ndoo moja moja, wakipumzika mara nne njiani.

"Kumbe umo humu," aliliambia bomba.

"Mama?"

"Nachukua hii."

"Mama, nakusihi. Hii ikilia, hulia pande zote. Kwa kujihami, afadhali mwiko. Nakwambia kama mama yangu."

"Sitaki ilie. Nataka irudi nyumbani. Nikiiweka mlangoni, angalau bomba letu litakuwa mtaani."

Mzee Ngwembe aliandika jina la Bi Sikudhani kwenye kibandiko, akakifunga kwenye kifyatulio kwa uzi. Hakumpa bunduki, kwa kuwa ilikuwa ya maonyesho, na risasi zote zilikuwa kwenye Sanamu. Alimpa karatasi iliyosema kwamba amechagua. Ilibaki Mtihani wa Hodi.

Kwenye uwanja wa kata serikali ilikuwa imesimamisha mlango na fremu yake, bila nyumba. Mtahiniwa alikaa upande mmoja, akiwa na mwiko badala ya bunduki. Bwana Tindwa alisimama upande wa pili akiwa mwizi. Kwanza alisoma sheria kwa sauti, akiwa amesimama mbali kidogo na mwiko.

"Kifungu cha Kumi na Moja. Mtu aingiaye bila kupiga hodi ni mvamizi, na mvamizi hupigwa. Mtu apigaye hodi akajibiwa karibu ni mgeni, na mgeni hapigwi. Naye mgeni hatamnyang'anya mwenyeji wake kitu chochote muda wote atakapokuwa mgeni." Akaongeza kwa sauti ya kawaida, "Kiliwekwa ili sisi watumishi tusije tukapigwa tukiwa kazini. Sasa, mama. Mimi nitasema hodi. Wewe utasema, 'Simama, nani wewe, onyesha mikono.' Rahisi."

Akagonga. "Hodi!"

"Karibu," alisema Bi Sikudhani.

Watu wa foleni wakaguna. Bwana Tindwa akafungua mlango. "Mama, kwa nini umesema karibu?"

"Sikudhani."

"Nimeuliza sababu, si jina."

"Ndiyo sababu yenyewe, baba. Limenitoka."

Mara ya pili akabadilisha sauti, akaikwaruza kama jambazi wa kwenye mchezo wa redio. "Hodi humu ndani!"

"Karibu baba, mlango uko wazi."

"Usiseme uko wazi! Ukisema uko wazi naandika hapa, ndiyo nyumba imekwenda!"

Mara ya tatu Bi Sikudhani aliuma khanga yake kwa meno. Nyumba yake aliiona mbele ya macho, na chumba cha kushoto, na godoro la Mwasiti. Alijiambia, simama, nani wewe, simama, nani wewe. Jua lilikuwa la saa saba. Kule upande wa pili Bwana Tindwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa mwizi wa watu arobaini na wawili bila hata maji ya kunywa, aligonga kwa mkono uliolegea. "Hodi," alisema, na sauti ikampasukia katikati.

Khanga ikadondoka. "Karibu, mwanangu. Pole na jua."

Bwana Tindwa alikaa chini kwenye kizingiti cha mlango usio na nyumba. Akaandika: AMESHINDWA. Mkono wake haukuwa na furaha.

Siku ya Utulivu ilipopita, Mkurugenzi wa Kujihami alimpigia Bwana Tindwa simu kutoka mji mkuu. Nyumba ya Sikudhani, kando ya lami, haina bunduki, iko wazi. Akaichukue. Shemeji wa Waziri ana ndugu, naye ndugu ana mikono. "Na usirudi bila nyumba," alisema Mkurugenzi.

Bwana Tindwa alikwenda na Masumbuko na mgambo mwingine, Chiduo, kijeba mwenye masharubu.  Walipofika kwenye ua walisimama nyuma ya banda la kuku.

"Mkuu," alisema Chiduo, "huyu si ndiye yule wa elfu tatu na mia nne?"

"Hana bunduki. Imeandikwa."

"Mtu aliyefyatua wote hao, akawapanga, akawachoma, hawezi kukosa kitu uvunguni. Mimi nina watoto."

 Masumbuko alijengewa na babake nyumba ya matofali, na jambo hili alilifahamu tangu siku ya kwanza. Lakini hakuna aliyemuuliza, na katika nchi ile mgambo hakujibu asiloulizwa.

Basi wakasogea polepole, mikono juu, na Bwana Tindwa, mtumishi wa serikali mwenye amri yenye muhuri, akasimama hatua kumi kutoka mlangoni, akapiga kelele kwa woga: "Hodi! Hodi! Hodi, mama!"

"Karibuni!" ilijibu sauti kutoka jikoni. "Piteni, piteni, viti viko hapo."

Wakaketi. Bi Mwasiti akaleta uji. Bwana Tindwa alipofika nusu ya kikombe, alisimamisha kijiko hewani.

"Masumbuko. Tumeambiwa karibu?"

"Tumeambiwa, mkuu. Sote."

"Basi sisi ni wageni. Mgeni hanyang'anyi kitu. Tutoke, tuingie upya bila hodi."

"Tukiingia bila hodi ni wavamizi, mkuu. Kifungu cha Kumi na Moja. Na mvamizi..."

Wote watatu wakamtazama Bi Sikudhani, aliyekuwa akiingiza mkono uvunguni. Chiduo akafumba macho. Bi Sikudhani akatoa mkeka.

"Mtalala hapa," alisema. "Naona mmechoka."

Na kweli walikuwa wamechoka. Hawakuweza kuchukua nyumba, na hawakuweza kurudi bila nyumba. Wakakaa. Siku ya kwanza walikula maharage. Siku ya pili aliliwa kuku mmoja, na Bi Sikudhani alimwomba radhi kuku yule kwanza, maana ndiye aliyekuwa akitaga. Bwana Tindwa alilala saa kumi na nne mfululizo, miwani imewekwa juu ya redio, na Bi Mwasiti akautoa ule uzi na kuifunga upya kwa waya ili isimdondoke. Nyumba ilijaa, maji ya mtoni yakawa hayatoshi, na Bi Sikudhani aliamka na magoti yanayolia kama bawaba. Hakulalamika. Mgeni ni mgeni. Lakini alihesabu siku.

Siku ya tatu, baada ya uji, aliwawekea mbele yao majembe matatu.

Chiduo akashangaa. "Nini hii, mama?"

"Mgeni siku mbili, mwanangu," alisema kwa upole. "Ya tatu mpe jembe. Hiyo haimo kwenye vifungu vyenu, lakini ndiyo iliyotulea. Mwasiti hana nyumba. Udongo uko nyuma hapo, kalibu ya marehemu iko darini. Twende tukafyatue."

Ndipo Bwana Tindwa alipoelewa. Alivua miwani, akaivaa tena. "Matofali," alisema.

"Sasa ulidhani nini?"

"Sikudhani," alijibu Bwana Tindwa, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alicheka mpaka akashika ubavu.

Walichimba udongo, wakakanyaga, wakajaza ile kalibu ya mbao, wakapindua na kuinua. Saa sita mchana simu ikalia. Bwana Tindwa alipokea kwa mikono ya tope.

"Tindwa! Siku ya tatu hii! Mnafanya nini huko?"

Bwana Tindwa alikuwa mtu mkweli. "Tunafyatua, mkuu."

 "Mnafyatua? Mmefyatua ngapi?"

"Tangu asubuhi, mia moja na themanini. Mwenye nyumba anatushinda. Peke yake ana themanini."

"Mungu wangu. Anatumia nini, mwanamke huyo?"

"Kalibu, mkuu."

"Kaliba gani?"

"Ya zamani, ya mumewe. Inatoa mawili kwa mpigo."

"Mitutu miwili," alinong'ona Mkurugenzi. "Mnaweza kushikilia mpaka lini?"

Bwana Tindwa alitazama udongo uliobaki. "Kama wiki mbili, mkuu. Baadaye tutachoma."

Jioni ile redio ilikatisha hotuba kutangaza kwamba vijana hodari wa serikali wanafyatua mchana kutwa kwenye nyumba moja kando ya lami, na kwamba nyumba hiyo imeonyesha uwezo wa kujitetea usio na mfano. Kesho yake ikatolewa kwenye orodha. Ndugu wa shemeji alipoulizwa kama bado anaitaka, alisema mikono inamuuma. Wiki iliyofuata ikaletwa hati yenye muhuri wa dhahabu: NYUMBA HII NI NGOME. Bi Sikudhani aliitumia kuzibia dirisha la chumba cha kushoto, ambalo kioo chake kilivunjika zamani.

Nyumba ya Mwasiti ilifika usawa wa madirisha kabla ya wageni kuaga. Waliaga vizuri, kwa kuomba ruhusa, na Masumbuko alisema shikamoo kwa sauti iliyofika barabarani.

Alasiri moja Bi Sikudhani alikuwa ameketi amenyoosha miguu, amechoka uchovu ule usioondoka kwa kulala, aliposikia mlangoni, "Hodi."

"Karibu," alisema.

Alikuwa Mzee Ngwembe. Amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti, na juu yake bado kuna kibandiko chenye jina. Alikuwa amekitoa kitako chake cha mwembe, akakitupa. Kimebaki bomba tu.

"Duka limefungwa," alisema. "Watu wote wameshindwa mtihani. Nikaona hili ulilipenda."

Walikwenda wote wawili mpaka kwenye mkunazi, wakalishindilia mahali pake, Mzee Ngwembe akakaza na Bi Sikudhani akashika. Lilikaa sawasawa, kama lililokuwa safarini. Bi Mwasiti akaleta ndoo, akaikinga. Wakangoja mpaka kivuli kikahama.

Maji hayakutoka. Mabomba mengine thelathini na tisa bado yalikuwa bunduki.